Barua zenu: "Mdogo wangu ameambiwa ajiunge na utafiti wa dawa ya saratani ya damu"

Shikamoo Mama. Nakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kiume, ana miaka 27, anaendesha bodaboda hapa Pasua. Tumbo lake lilivimba upande wa kushoto, tukadhani ni bandama ya malaria, kumbe ni saratani ya damu, ile inayokwenda taratibu. Akaanzishiwa vidonge vya imatinibu, akapata nguvu na kurudi kazini. Sasa tangu Pasaka chembe nyeupe zimepanda tena. Daktari amesema kuna utafiti wa dawa mpya, akampa fomu nene aje nayo nyumbani. Tumekaa kikao. Baba hataki mwanawe afanywe panya wa maabara, anasema damu yetu inauzwa Ulaya. Baba mdogo anasema asaini haraka kabla nafasi hazijaisha, maana kila kitu ni bure. Mwenyewe kanyamaza. Je, wanaweza kumpa kidonge kisicho na dawa akafa? Na akikataa watamfukuza kliniki? — Dada wa mgonjwa, Pasua, Moshi

Marahaba mwanangu. Poleni. Kabla hatujaifungua hiyo fomu, kuna mambo ya kumuuliza daktari hata kama mdogo wako hatajiunga na utafiti wowote.

La kwanza ni kama dawa inamezwa kila siku. Simtuhumu. Nimekuwa muuguzi hadi nimestaafu, na ninawajua madereva wa bodaboda: anatoka alfajiri hajala kitu, na imatinibu inataka chakula na glasi kubwa ya maji, la sivyo inamchafua tumbo. Matokeo yake siku ya abiria wengi anairuka. Kuna utafiti wa London uliochapishwa 2010 ambao wagonjwa walipewa chupa zenye kifuniko kinachorekodi kila inapofunguliwa. Waliomeza chini ya asilimia 90 ya dozi zao walikuwa na nafasi ndogo sana ya ugonjwa kushuka kufikia kiwango kinachotakiwa. Asilimia 90 maana yake ni kukosa siku tatu tu kwa mwezi. Kaa na mdogo wako peke yenu, mbali na baba, umuulize kwa upole.

La pili ni dawa nyingine anazotumia. Kama ameanzishiwa dawa za kifua kikuu, rifampisini iliyomo humo huishusha sana imatinibu mwilini, kiasi cha kuifanya ionekane imeshindwa kumbe haijafika. Balungi nalo linavuruga kiwango cha dawa hii kwenye damu. Dawa za miti shamba azitaje zote kwa daktari, hata zile alizoletewa na bibi kutoka Kibosho kwa nia njema.

La tatu ni vipimo. Saratani aliyo nayo inatokana na vipande vya kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, kubadilishana mahali na kuunda jeni inayoitwa BCR-ABL. Imatinibu inaizuia protini ya jeni hiyo. Wingi wake unaweza kupimwa hata kwa GeneXpert, mashine ileile mnayoisikia kwenye kliniki za kifua kikuu. Kuhesabu chembe nyeupe peke yake hakutoshi. Wakati mwingine jeni yenyewe hubadilika. Kuna badiliko linaloitwa T315I ambalo kwake imatinibu haifui dafu, wala dasatinibu na nilotinibu zinazoifuata. Kwa hiyo muulizeni daktari: badiliko hilo limetafutwa? Na je, nje ya utafiti, ipo dawa ya pili iliyokwisha kuthibitishwa ambayo anaweza kuipata? Ikiwa ipo, utafiti upimwe dhidi ya dawa hiyo. Baba yako mdogo anaupima dhidi ya kukosa dawa kabisa, na hapo ndipo hesabu yake inapokosea.

Sasa nije kwa baba. Mwambie sijamcheka. Wazee wetu walikua wakisikia habari za mumiani, na hofu ya kunyonywa damu haikutoka hewani. Watu wa mbali walikuja, wakachukua, wakaondoka bila maelezo. Hata Marekani kwenyewe, kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, watafiti wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na bila kuwapa penisilini hata ilipokwisha kujulikana kuwa inaponya. Mzee anayeuliza "mnamfanyia nini mwanangu?" anauliza swali ambalo watu wale hawakupewa nafasi ya kuliuliza.

Kanuni za leo zimetokana na maovu ya namna hiyo. Hapa kwetu Tanzania Bara, utafiti wa dawa mpya kwa binadamu unahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Hospitali na vyuo vikubwa vina kamati zao za maadili pia. Namba za vibali na za simu zinatakiwa kuwa kwenye fomu, na simu hizo zipigwe. Kama damu itasafirishwa nje ya nchi, lazima kuwe na mkataba ulioidhinishwa unaosema inakwenda maabara gani na kwa kazi gani. Baba akae na fomu asome sehemu hiyo mwenyewe. Fomu iwe ya Kiswahili. Kama mmepewa ya Kiingereza, rudisheni mkaombe nyingine.

Halafu mwambie jambo moja ambalo nadhani hajawahi kuambiwa. Hicho kidonge kilichomrudisha mwanawe kwenye pikipiki kimetoka kwenye majaribio. Wagonjwa wa kwanza walikimeza Juni 1998, kazi ikiongozwa na daktari Brian Druker wa Portland, Marekani. Wakati huo tiba ilikuwa sindano za interferoni, zinazomlaza mtu na homa na maumivu ya viungo, na kwa wengi hazikuzuia kifo. Mei 2001 Marekani ikakiidhinisha. Utafiti mkubwa ulioanza 2000 uliwashirikisha wagonjwa 1,106 kutoka nchi 16, nusu wakipewa imatinibu na nusu interferoni pamoja na dawa nyingine. Wale wa interferoni ambao haikuwasaidia waliruhusiwa kuhamia upande wa pili. Baada ya miaka kumi, asilimia 83 hivi ya walioanza na imatinibu walikuwa hai. Watu hao walisaini fomu kama hiyo iliyo mezani kwenu, wengi wao wakiwa na hofu kama yenu.

Sisi wa kaskazini tunajua pia tiba isiyopimwa inavyokuwa. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa dawa yake ya miti, kikombe shilingi 500. Nilikuwa kazini wakati huo, na niliwaona wagonjwa waliorudi wakiwa wameacha dawa zao. Nani alikunywa, ugonjwa wake ulithibitishwa kwa kipimo gani, alikuwaje baada ya mwaka: kwa walio wengi halikuandikwa popote. Hata leo watu wanabishana na hakuna anayeweza kumwonyesha mwenzake daftari. Utafiti wa dawa ni daftari hilo. Kila mtu anaandikwa, aliyepona na aliyezidiwa, na kundi moja linalinganishwa na jingine.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la kidonge kisicho na dawa. Katika lukemia, yaani saratani ya damu, ambapo tiba inayofanya kazi ipo, hairuhusiwi kumwacha mgonjwa bila tiba ili aangaliwe tu. Kundi la kulinganisha hupewa tiba bora inayotumika sasa. Kuna tafiti ambazo wote wanapata tiba ya kawaida, halafu nusu wanaongezewa dawa mpya na nusu wanaongezewa kidonge kitupu, ili asijulikane nani ana nini. Hilo lazima liandikwe wazi. Ulizeni hivi, kwa maneno haya haya: "Asipopata dawa mpya, atakuwa anameza nini?" Nani aende kundi gani hupangwa kwa bahati nasibu na kompyuta. Daktari hawezi kumpendelea, hata mkienda naye kanisa moja.

Ulizeni na awamu. Awamu ya kwanza inatafuta kiwango salama cha dawa kwa watu wachache, na faida kwa mgonjwa mwenyewe haijulikani bado. Ya pili inaangalia kama dawa inafanya kazi. Ya tatu inailinganisha na iliyopo, kwa mamia ya watu. Mtu anayejiunga na awamu ya kwanza akidhani ni ya tatu amejiunga na kitu asichokijua.

Akikataa, hafukuzwi. Anaendelea na kliniki yake kama zamani, na akikubali leo anaweza kujitoa kesho bila kutoa sababu. Na "bure" ya baba mdogo ieleweni vizuri: dawa ya utafiti na vipimo vyake havilipiwi, nauli inarudishwa, akidhurika na dawa hiyo kuna bima ya utafiti. Lakini siku anazokaa kliniki hakusanyi hesabu ya pikipiki, na utafiti utamwita mara nyingi kuliko kliniki ya kawaida. Kama pikipiki ni ya mkataba, tajiri wake aambiwe mapema.

Swali ambalo ningetaka mlibebe kuliko yote ni hili: siku utafiti ukifungwa, na dawa imemsaidia, ataendelea kuipata wapi na kwa gharama ya nani? Watu hawaliulizi. Wanauliza madhara, wanauliza damu, wanasahau mwisho. Nimewahi kuhudumia wagonjwa katika utafiti mmoja, ugonjwa mwingine, hospitali sitaitaja, dawa ikawafaa. Utafiti ulipokwisha walishukuriwa kwa barua na soda, wakarudishwa kwenye dawa ya zamani ambayo tulikwisha kuona haiwatoshi. Mama mmoja wa Rombo alinifuata hadi getini akiniuliza kama nimebakiza hata kopo moja. Sikuwa nalo. Tangu hapo kila aliyenijia na fomu nimemwambia afungue kwanza ukurasa unaosema "baada ya utafiti". Azimio la Helsinki, linaloongoza madaktari wa dunia nzima katika utafiti tangu 1964, linataka jambo hili lipangwe kabla ya kuanza na washiriki waambiwe. Saratani ya mdogo wako inatibiwa kwa miaka mingi, si kwa wiki. Dawa ya miezi kumi na minane bila mpango wa mwezi wa kumi na tisa haitoshi. Jibu liwe kwenye karatasi.

La mwisho, huyo aliyenyamaza. Ana miaka 27, saini ni yake. Baba anaheshimiwa, anasikilizwa, ila hawezi kumsainia wala kumkatalia. Mpeleke mdogo wako kwa muuguzi wa utafiti bila wazee, akaulize yake. Vijana wengi wanakuwa na swali moja wasiloweza kulitamka kikaoni, mara nyingi linahusu kuoa na kuzaa. Lina majibu, na baadhi ya dawa hizi zina masharti ya uzazi wa mpango. Aulize.

Mama, mwanangu ana miaka sita. Ana lukemia kali ya limfu, ameanza kemo, tumeambiwa tiba itazidi miaka miwili. Kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya wametuma video ya mtoto wa Marekani aliyepona kwa kutengenezewa seli, kwenye majaribio. Sasa kuna mtu ametupigia simu, anasema anaweza kumwingiza mwanangu kwenye majaribio kama hayo India kwa ada ya usajili ya shilingi milioni tatu. Michango imeanza. Tumtoe hospitali? — Mama wa Ngaramtoni, Arusha

Usitume hata shilingi moja, na usimtoe.

Utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa ada ya kumsajili. Anayeomba milioni tatu kwa simu anataka milioni tatu. Mfungieni namba, na mwenye kundi awaonye wengine, maana namba ya mtoto mgonjwa ikishaingia mikononi mwa watu hawa wanaipitisha.

Video nayo ni ya kweli, na ninaelewa ilivyokushika. Mwaka 2012, Philadelphia, mtoto wa kike wa miaka sita alichukuliwa seli za kinga kutoka kwenye damu yake, zikabadilishwa maabara ziweze kuitambua saratani, akarudishiwa. Yuko hai. Lakini ugonjwa wake ulikuwa umesharudi mara mbili baada ya kemo. Tiba hiyo ilipoidhinishwa Marekani Agosti 2017 iliwekewa masharti hayohayo, kwa wale ambao ugonjwa umekataa au umerudi, na bei yake ilitangazwa dola 475,000. Mwanao yuko mwanzoni, na mwanzoni kemo ya kawaida ndiyo yenye nguvu zaidi.

Kemo hiyo nayo imejengwa kwa majaribio, moja juu ya jingine. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston alieleza habari za watoto 16 waliopewa aminopterini. Kumi walipata nafuu, miezi ikapita, ugonjwa ukarudi. Wakaongeza dawa ya pili, ya tatu, wakajifunza kuzichanganya na kulinda ubongo, hadi leo katika nchi tajiri watoto tisa hivi kati ya kumi wenye ugonjwa huu wanaishi. Kwetu bado hatujafika huko. Watoto wanafika wamechelewa, wanakufa kwa maambukizi, na wengine wanatolewa katikati ya tiba. Hili la tatu ndilo lililo mikononi mwako. Itafika miezi damu inaonekana safi, anakimbia uani, majirani wanasema mtoto kapona mbona mnamtesa. Seli chache zilizobaki zinangoja hapo hapo. Endelea hadi daktari aseme basi.

Michango iliyopatikana ina kazi. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha anayemuuguza, na kipimajoto cha nyumbani: ikifika 38, usiku au mchana, hospitali, usisubiri kupambazuke wala usimpe panado ukalala. Ndugu wasio na cha kutoa watoe damu, kwa kuwa ataihitaji.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu nimeliona Arusha. Moja ya dawa anazochomwa mwanao, vinkristini, asili yake ni lile ua dogo la asili ya Madagaska, la waridi au jeupe, lenye petali tano, ambalo watu wanalipanda barazani. Asije mtu akakuchemshia majani yake. Mmea huo ni sumu, na dawa hutolewa humo kwa kipimo kidogo sana ambacho sufuria haiwezi kukijua.

Na ikitokea hospitali hapo hapo ikakueleza juu ya utafiti wa watoto, usikimbie. Maswali ni yale niliyomwandikia dada wa Pasua. Wewe au baba yake ndio mtakaosaini, na mtoto naye, kadiri anavyokua, anaelezwa kwa lugha yake na kuulizwa kama anakubali.

Nina miaka 61. Niliingia kwenye utafiti wa vidonge vya lukemia, nikachoka na safari na kichefuchefu, nikaacha kwenda bila kuaga. Sasa naogopa hata kurudi kliniki yangu ya kawaida. Wataniangaliaje? — Mzee wa Usa River

Shikamoo kaka yangu. Rudi wiki hii. Kujitoa ni haki yako na matibabu yako ya kawaida hayakufungwa. Muuguzi wa utafiti amezoea, na pengine amekupigia ukaacha kupokea. Ila kwa kuondoka kimya, hakuna aliyekupima damu tangu uache vidonge, na ugonjwa huu hupanda bila maumivu. Tena hicho kichefuchefu chako kinahitajika kwenye kumbukumbu. Kama wote waliotapika wataondoka bila kusema, dawa itaonekana laini kuliko ilivyo, na mwingine atapewa bila kuonywa.

Vidonge vilivyobaki vichukue vyote, pamoja na kopo, uvirudishe. Vinahesabiwa. Usimpe mtu, hata kama ana ugonjwa kama wako.